Réti kwa mchezaji wa kibarazani: namna ya kuuacha uwanja wa kati bila kuugawa bure

Wagosi habari zenu, na wale wa bara nao karibuni. Wiki hii madogo watatu wameniuliza kitu kilekile kwa nyakati tofauti, ati kaka kwenye chesi we ukishika nyeupe unaanza na farasi, husukumi askari katikati, unacheza kama mtu asiye na haraka, mbona baadaye sisi ndo tunakosa pa kupumulia? Nikajaribu kuwaelezea palepale Ngamiani kwenye baraza la kahawa, ikashindikana, kila mtu anaongea yeye na mzee mmoja wa bao anatucheka kwamba mchezo gani huu wa kubishana kabla ya kucheza. Basi naandika hapa, atakayetaka asome taratibu akiwa na ubao mbele yake.

Ufunguzi wenyewe unaitwa Réti. Mi sikuupenda mwanzoni. Nilicheza nao karibu mwezi mzima nikawa napigwa tu, kwa sababu nilikuwa napanga kete zangu vizuri halafu nasubiri, nadhani mpangilio utashinda wenyewe. Hilo ndo kosa la watu wengi na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika, kwa hiyo nitalirudia tena mbele, mnivumilie.

Majina nitakayotumia: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, na askari (wapo wazee wanamwita kitunda). Muvu ni zamu moja ya kucheza. Nikiandika c4 tu bila jina la kete, ni askari anasogea hapo. Cheki ni mfalme kushambuliwa. Kama hujui a mpaka h na 1 mpaka 8 zinasomwaje kwenye ubao, jifunze hiyo kwanza, dakika kumi tu inatosha.

Kwanza elewa wazo, muvu zitafuata

Zamani walimu wa chesi walikuwa wanafundisha kwamba katikati ya ubao, yaani d4, e4, d5 na e5, lazima ukae wewe na askari wako, asiyekaa kashindwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia wakatokea vijana wabishi, Réti, Nimzowitsch na wenzao, wakasema katikati ni muhimu kweli lakini si lazima ukae pale, unaweza ukamwachia mwenzako akae halafu we ukawa unapalenga kwa mbali na maaskofu na farasi, mpaka askari wake wageuke kuwa mzigo, maana kila aliyesimama mbele anahitaji kulindwa na kulinda kunachosha. Shule yao ikaitwa haipamodeni.

Mtu wa Tanga hii habari haihitaji mfano wa mbali. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, watu kama 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka pale Raskazone likaingia mjini kifua mbele. Upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000 tu, wengi askari Waafrika. Wakawaacha waje, waingie, wajitawanye kwenye mashamba na mitaa wasiyoijua, kisha wakawapiga ubavuni, na nyuki nao wakaongeza lao. Wenye watu wengi ndo waliorudi melini. Sisemi vita ni mchezo, watu walikufa pale na makaburi yapo, ila ukitaka kujua maana ya kumwachia mtu nafasi kisha ukamgonga kwa pembeni, historia yako mwenyewe inayo.

Réti mwenyewe alizaliwa 1889 huko Pezinok, siku hizi ni Slovakia, akafa 1929 Prague akiwa na miaka 40 tu. Kilichompa jina ni mashindano ya New York 1924. Capablanca alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 na hakuwa amefungwa hata gemu moja tangu 1916, miaka minane hiyo, watu wakawa wanaona yule si binadamu ni mashine. Réti akaanza na farasi f3, kisha c4, Capablanca akaweka g6, Réti akasukuma b4 muvu ya tatu, pembeni kabisa, na katikati bado hajagusa kitu. Muvu ya 31 Capablanca akakubali kafungwa. Nenda kaitafute hiyo gemu ipo kila mahali, angalia hasa d4 ilivyokuja: haikuja mwanzoni, ilikuja muvu ya 16, wakati kila kete ya nyeupe ipo tayari.

Muvu ya kwanza: farasi f3

Farasi akiwa f3 anaangalia d4 na e5. Maana yake nyeusi hawezi kusukuma e5 bure, utamla. Na we hujasema chochote bado, hujachagua d4, hujachagua e4, mwenzako aliyekariri mistari yake ya e4 anabaki anakuangalia tu. Ni kama bao, yule anayeshika nyumba yake mapema bila kuichezesha anakuweka roho juu muda wote, hujui ataitoa lini.

Wengi watakujibu d5. Hapo usizubae, cheza c4 mara moja. Hii c4 ndo Réti yenyewe, unamuuliza yule askari wa d5 swali, na anayo majibu manne ya maana: kula, kusogea mbele, kulindwa na e6, au kulindwa na c6. Twende moja moja, lakini sitatumia muda sawa kwa yote kwa sababu hayana uzito sawa.

Akila c4

Usiogope, askari anarudi. Cheza e3 tu, askofu wako wa f1 anamlenga yule wa c4. Mtu mwenye tamaa atajaribu kumlinda kwa b5. We sukuma a4. Akiweka c6, kula b5, naye ale kwa askari wa c, halafu b3! Hapa ndo utamu. Akila b3, askofu wako anakula b5 na cheki, akiziba kwa askofu d7, malkia wako anakula b3, hesabu ya askari iko sawa, ila kete zako zimeshatoka nje zinapumua na zake bado zimelala nyumbani. Nimewapata watu na huu mstari sijui mara ngapi, na kila mtu akishapigwa anasema nilijua.

Asipokuwa na tamaa atacheza farasi f6, we kula c4 na askofu, mfiche mfalme (ile kastilingi, mfalme na ngome wanasogea zamu moja), endelea na gemu ya kawaida, baadaye ukiweka d4 unajikuta kwenye ufunguzi mwingine, gambiti ya malkia iliyopokelewa, na wala haujaumia popote.

Akisogea d4

Huyu ni mtu wa kiburi, anakula nafasi. Vyema, mwachie. Cheza g3, yeye c5, askofu g2, yeye farasi c6, mfiche mfalme, yeye e5, we d3. Angalia ubao sasa, nyeusi ana ukuta mkubwa c5, d4, e5, anaonekana anatawala. Ila askofu wako wa g2 hana askari wa kumziba pale d5 na unayo kazi mbili wazi kabisa.

Kazi ya kwanza ni e3. Unaugonga ukuta kwa chini. Unabadilishana pale d4, akila kwa askari wa e basi mstari wa e umefunguka na ngome yako inakwenda e1, akila kwa askari wa c basi upande wa malkia wewe ndo una askari wengi zaidi. Kazi ya pili ni b4, unaiandaa kwa farasi wa b1 kupitia a3 kwenda c2 kwanza, kisha ngome b1 na askari a3. Ukifanya kazi hizi mbili ukuta unatikisika. Usipofanya hata moja, ukakaa unasogeza farasi huku na kule, jamaa atakuja na f5, kisha e4, na utakufa taratibu kama nilivyokuwa nakufa mimi. Ukiwa mtu wa fujo unaweza pia kucheza b4 moja kwa moja muvu ya tatu, kabla hajaweka c5, inamnyima kabisa ile c5. Mi naipenda nikiwa na usingizi maana inaniamsha.

Akilinda kwa e6

Hii utaiona sana kwa watu waliosoma. Muvu zako hapa ni rahisi kukumbuka: g3, askofu g2, ficha mfalme, b3, askofu b2. Maaskofu wawili wamekaa kwenye mistari mirefu, mmoja anaangalia kutoka g2 kupanda e4, d5, c6 mpaka b7, mwingine kutoka b2 kwenda e5, f6 mpaka g7, mlangoni kwa mfalme wake aliyejificha. Kama ukicheza g3 naye akala c4, mpe cheki ya malkia a4, kisha malkia anakula c4, imeisha hiyo.

Kumbuka jambo moja dogo ambalo vitabu vinalipita haraka. Farasi wako wa f3 anamziba askofu wako wa g2! Yaani umemweka askofu pale amlenge d5 halafu ukamwekea mtu mbele ya mlango. Kwa hiyo kila mara farasi akiondoka f3 kwenda e5 au d4, kuna askofu anafumbuka macho nyuma yake, na mpinzani ambaye hakuhesabu hilo anapoteza askari au ngome nzima ya a8. Kabla hujasogeza yule farasi jiulize: nikimtoa, askofu anaona nini? Hilo swali moja limenipa ushindi mwingi kuliko mistari yote niliyokariri.

Sasa kugonga. Nyeusi kawaida atacheza c5 na b6. We weka e3, farasi c3, malkia e2, ngome d1. Halafu badilishana pale d5, akirudisha kwa askari wa e, sukuma d4. Hii d4 ndo umesubiri tangu muvu ya kwanza. Ukila c5 baadaye, anakuwa na chaguo mbili na zote chungu: akirudisha kwa kete, askari wake wa d5 anabaki peke yake, hana ndugu kulia wala kushoto wa kumlinda, farasi wako anakaa d4 mbele ya uso wake asiweze kusogea. Akirudisha kwa askari wa b, anakuwa na wawili c5 na d5 wanaoning'inia, hamna askari nyuma yao, ngome zako zinakwenda c1 na d1 zinaanza kazi. Usile haraka haraka. Kusanya kete kwanza.

Nikae kidogo hapa kwenye suala la lini ugonge. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: mfalme kafichwa, maaskofu wote wawili wamekaa, farasi wote wametoka, hapo muvu inayofuata lazima iwe d4 au e4 au kuiandaa moja kati ya hizo. Ukijikuta unacheza h3 bila sababu ujue umeshalala. Kuna fundi baiskeli mmoja huwa nacheza naye, mtu mzima, hasomi vitabu wala hana simu ya maana, siku moja baada ya kunifunga mara ya nne akaniambia we mwanangu unajenga nyumba nzuri lakini hukai ndani. Nilimuelewa siku ileile.

Akilinda kwa c6

Hii ndo ngumu kuliko zote, msidanganyike. Nyeusi anaweka c6, askofu anatoka f5, kisha e6, na h6 ili yule askofu awe na pa kurudi. Anakuwa imara kama jiwe na hamna kitu cha kugonga kirahisi. Réti mwenyewe kwenye mashindano yaleyale ya New York 1924 alikutana na Lasker, bingwa wa dunia aliyemtangulia Capablanca, mzee wa miaka 55 wakati huo, akampangia hivi, na Réti akafungwa na nyeupe yake. Ila kwenye gemu hiyo alifanya kitu cha ajabu, akapeleka ngome c2 na malkia akamrudisha mpaka kwenye kona, a1! Malkia nyuma, askofu b2 mbele yake, wote wanalenga e5. Alipoteza gemu lakini watu bado wanaiga hiyo malkia a1 mpaka leo.

Ushauri wangu kwa mchezaji wa kawaida: baada ya c6 una njia mbili. Njia ya utulivu ni b3, c4 yako inalindwa, kisha askofu b2, g3, d3, farasi d2, na baadaye unasukuma e4 ukimfukuza yule askofu wa f5. Njia ya ukorofi ni e3 kwanza. Akitoa askofu f5 haraka bila kufikiri, kula d5, naye ale kwa askari wa c, kisha malkia b3. Askofu alikuwa analinda b7 kutoka c8, sasa kaondoka, na malkia wako anaona b7 na d5 kwa pamoja. Si kwamba gemu imeisha, ila jamaa anaanza kuvuta ndevu. Angalia lakini, hizi njia mbili hazichanganyiki, ukishaweka askari b3 malkia hana tena pa kupita.

Asipocheza d5

Nitapita haraka. Akicheza farasi f6 na g6, weka c4, g3, askofu g2, ficha mfalme, halafu amua, ukitaka d4 weka, ukitaka kubaki na d3 peleka ngome b1 na usukume b4 upande wa malkia. Tahadhari tu, ukitaka b3 basi askofu b2 aje muvu inayofuata, maana askofu wake wa g7 anaangalia mpaka kwenye ngome yako ya a1 na mlango ukiachwa wazi kuna siku utalia. Akicheza c5 mjibu c4, au e4 kama unaujua ufunguzi wa Sisiliani. Akicheza f5 weka d3 ukiandaa e4, wachezaji wa f5 hawaipendi kabisa.

Na ukiona c4 inakuchosha, kuna ndugu yake: farasi f3, g3, askofu g2, ficha mfalme, d3, farasi wa pili d2, kisha e4. Hamna c4 kabisa. Hii ni nzuri sana dhidi ya mtu wa e6, unasukuma e5, ngome e1, farasi f1, h4, na kete zote zinamwendea mfalme wake. Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliicheza Sousse, Tunisia, mwaka 1967 dhidi ya Myagmarsuren, alianzia na e4 lakini mpangilio ukawa huuhuu, mwishoni akamtoa malkia sadaka pale h7. Bara letu hilihili!

Mambo ya kuchunga

Askofu wa g2 usimbadilishe kirahisi, ndo mlinzi wa mfalme wako, akiondoka kunabaki matundu f3 na h3. Ukiona nyeusi kaweka malkia d7 na askofu wake anaangalia h3, jua anataka kuja kubadilishana. Toa ngome kutoka f1 uiweke e1 mapema, ili askofu wake akija h3 wa kwako arudi h1, akae palepale kwenye mstari wake.

Kingine, hii ni Réti lakini inabadilika ikawa vitu vingine. Ukiongeza d4 kwenye c4 na g3 tayari uko kwenye ufunguzi wa Katalani. Wengine wanaona hilo ni tatizo, mi naona ndo raha yake, kwa sababu unachagua we uende wapi baada ya kuona mwenzako kakaa vipi. Ila basi inabidi ujue walau kidogo hizo nyumba za jirani, usije ukaingia usiku hujui choo kiko wapi.

Namna ya kujifunza

Usianze na gemu za dakika tatu. Cheza za dakika kumi au kumi na tano, tovuti ya Lichess ni bure kabisa hata kwa bando dogo. Cheza ishirini, zote na nyeupe ukiweza, na kila ukimaliza, umeshinda umefungwa, rudi uangalie muvu kumi na mbili za kwanza tu. Andika kwenye daftari vitu viwili: nyeusi alijibu nini kwenye c4, na mimi niligonga katikati muvu ya ngapi. Daftari langu la mwezi wa kwanza lilikuwa na safu nzima ya pili imeandikwa "sikugonga", "sikugonga", "sikugonga", mpaka gemu ya kumi na saba ndo ikatokea d4 ya kwanza. Anayetaka tuicheze pamoja, Jumapili baada ya alasiri nipo palepale barazani, ubao upo, ila ngome moja ya nyeusi ilipotea zamani tunatumia kifuniko cha soda.